Maji yakishapita, nani achore ramani?

UKISIMAMA Milimani mjini Nakuru jioni moja ya Aprili, msomaji mpenzi, mgongo ukiwa umeuelekeza Menengai, mji mzima huwa chini ya macho yako. Utaziona paa za vigae za majirani, kisha reli, kisha mabati ya Bondeni na Flamingo, na kule mwisho kabisa ziwa likimeta kama sinia. Ni mandhari ya kupendeza. Lakini hebu ngoja mvua ianze kunyesha, halafu ujiulize: maji haya yanakwenda wapi?

Hayana njia mbili. Ukingo wa Menengai umeinuka hadi mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko karibu na mita 1,760. Mji umeketi katikati, juu ya udongo wa majivu ya volkeno unaomomonyoka upesi. Ziwa nalo halina mto hata mmoja unaotoka. Maji yasiyozama ardhini huko mteremkoni lazima yapite mjini yakielekea ziwani, na kwa kuwa nyua zetu za juu tumezitandika kabro na saruji, yanapita kwa wingi na kwa kasi kuliko yalivyopita enzi za babu zetu.

Nayataja haya mapema kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu mafuriko yana ila moja. Huanza na kuishia kwa yule aliyefurikiwa. Tunamuuliza mbona alijenga bondeni, mbona hakuhama alipoonywa. Yule wa juu aliyeyaachilia maji haulizwi kitu. Yuko sebuleni kwake anakunywa chai na kusikitika mbele ya runinga.

USIKU WA SOLAI, ALFAJIRI YA MAI MAHIU

Wakazi wa Kaunti ya Nakuru hawahitaji kuhadithiwa habari za mafuriko. Usiku wa Mei 9, 2018, ukuta wa bwawa katika shamba la kibinafsi huko Solai ulipasuka baada ya wiki nyingi za mvua. Maji yaliteremka kwa kishindo yakabeba nyumba, mifugo na watu waliokuwa wakijiandaa kulala. Watu wasiopungua 47 walifariki, wengi wao wanawake na watoto. Baadaye wakuu wa idara ya maji walieleza kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali.

Miaka sita ikapita, kasoro siku kumi. Alfajiri ya Jumatatu, Aprili 29, 2024, zamu ikawa ya vijiji vya Kamuchiri na Ngeya karibu na Mai Mahiu. Kwanza ilitangazwa kwamba bwawa limevunja kingo. Wizara ya Maji ikaja kueleza kwamba halikuwa bwawa hata kidogo. Tundu linalopitisha mto chini ya tuta la reli ya zamani lilikuwa limezibwa na magogo, mawe na matope. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, na hatimaye yakalibomoa. Zaidi ya watu 50 waliangamia katika muda mfupi kabla ya mapambazuko. Msimu huo mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini kote.

Tafakari kidogo, msomaji. Tundu moja chini ya reli! Kujua kwamba tundu limeziba si kazi ya kuita mtaalamu kutoka ng'ambo. Mchungaji apitaye hapo na mbuzi wake asubuhi na jioni hujua. Mtoto anayekwenda shule hujua. Swali ni kwamba mchungaji huyo angempelekea nani habari, na huyo naye angezifanyia nini. Mpango wa mafuriko unaoanzia kwa jamii, ukiuvua mapambo yote ya semina, ni jibu la swali hilo.

BAADA YA BLANKETI

Ratiba ya baada ya mafuriko tunaijua sote. Siku ya kwanza ni waokoaji na Msalaba Mwekundu. Siku ya pili ni magodoro, blanketi na unga. Siku ya tatu wakubwa huja na viatu vya mpira vilivyo vipya mno, hupigwa picha, na kuahidi. Kisha shule zilizokuwa kambi hufunguliwa, waathiriwa huambiwa watafute pa kwenda, na mabati yale yale yaliyokunjamana hunyooshwa kwa nyundo na kurudishwa juu ya kuta zile zile, mahali pale pale. Mei 2024 serikali ilitangaza kuzipa familia zilizoondolewa kando ya mito jijini Nairobi Sh10,000 kila moja ili zihame. Wewe mwenyewe piga hesabu: kodi ya mwezi mmoja, amana ya mwenye nyumba, gari la kubebea vyombo. Kinachobaki ni nini?

Hicho ndicho kipindi ambacho mipango ya kweli hufanywa, iwe tumeketi mezani au hatumo. Wataalamu huja na ramani. Barabara huchorwa. Mtaro huamuliwa upite wapi. Na mara nyingi wenyeji huitwa kazi ikiwa imekwisha. Huitwa katika ukumbi wa jamii, huonyeshwa picha ukutani, hupewa soda na mkate, hutia sahihi katika daftari la mahudhurio, na ripoti huandikwa kwamba umma "ulishirikishwa". Kunradhi kwa wanaoandaa vikao hivyo, lakini soda haijawahi kuzuia maji.

Kupanga pamoja na wenyeji huanza mapema zaidi, na huanza na kumbukumbu. Maji yalifika wapi ukutani? Yalikaa siku ngapi? Yaliingia kwa mlango wa mbele au yalitokea chooni? Watu walikimbilia wapi gizani, na nani hakuweza kukimbia? Mama anayeuza mboga kando ya mtaro ana majibu ambayo hayamo katika picha ya setilaiti. Anajua mtaro hufurika hata kwa mvua ndogo wakati fulani wa wiki, kwa sababu siku ya soko hutangulia na takataka zake huishia humo.

Jijini Dar es Salaam walilitendea kazi jambo hili. Tangu mwaka 2015, katika mradi ulioitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa kata zinazofurika walitembea mtaa kwa mtaa na simu zao, wakaweka kwenye ramani nyumba, vichochoro, mifereji na madaraja ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Ramani hizo ziliachwa wazi kwa kila mtu kuzitumia. Nyinyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili mkiwa mmeshika simu, hilo ni jambo mnaloweza kulifanya likizo hii, na hakuna mwalimu atakayelalamika.

Dar hiyo hiyo inatupa funzo la upande wa pili. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya jiji. Viwanja vilikuwa vikavu, sawa. Lakini riziki ilibaki mjini. Baadhi ya watu walirudi bondeni wanakojua watauza nini kesho asubuhi. Ilipofika mwaka 2018, wahandisi, maofisa na wakazi waliketishwa meza moja kwa miezi kadhaa wajadili hatima ya bonde zima. Ni afadhali wangeanza hivyo.

MJI ULIOJARIBU ZAMANI

Huenda wasomaji wachanga wasijue kwamba Nakuru si mgeni katika mambo haya. Baada ya mkutano wa dunia kuhusu mazingira uliofanyika Rio de Janeiro mwaka 1992, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake Gigiri, lilichagua miji michache ya kujaribia upangaji unaowahusisha wakazi, kwa msaada wa Ubelgiji. Nakuru ilikuwa mmojawapo, pamoja na Essaouira ya Moroko na Vinh ya Vietnam. Mwaka 1995 baraza la manispaa, wafanyabiashara, watu wa mazingira na vikundi vya wakazi walikutana wakakubaliana kuhusu mambo ambayo mji ungeyatanguliza. Kutokana na hayo ulizaliwa mpango wa muundo wa mji, uliotambua kwamba Nakuru haiwezi kutanuka bila mpaka kati ya kreta na mbuga ya wanyama.

Wakati wa sensa ya 1999 mji ulikuwa na watu wapatao 219,000. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya 570,000. Desemba 1, 2021 Nakuru ikatawazwa kuwa jiji, tukasherehekea. Wazo la 1995 halikuwa baya. Tatizo ni kwamba mji uliongezeka zaidi ya maradufu, na mpango ulio kabatini haumzuii mtu kuuza kiwanja kilicho kwenye njia ya maji.

Wakati huo huo ziwa nalo likaanza kupanda. Tangu mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru yameenea kutoka kama kilomita 40 za mraba hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa, na huko Barut na Mwariki mashamba na nyumba zikaingiliwa. Si Nakuru peke yake. Baringo, Bogoria na Naivasha pia. Ripoti ya serikali na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2021 ilisema karibu familia 76,000, yaani watu wapatao 380,000 katika kaunti 13, walikuwa wameathirika. Sababu zilizotajwa ni mvua iliyozidi, matope yanayoteremka kutoka nyanda za juu zilizovuliwa miti, na misukosuko ya ardhi yenyewe ya Bonde la Ufa.

Hiyo ya miti tunaifahamu vyema. Mwaka 2001 serikali ilikata zaidi ya hekta 60,000 kutoka msitu wa Mau, zaidi ya nusu yake upande wa Mau Mashariki. Mito Njoro, Makalia na Nderit hushuka ziwani kutoka pande hizo. (Ziwa, kwa hakika, lina kumbukumbu ndefu kutuliko. Wachimbuzi wa mambo ya kale hutuambia kwamba maelfu ya miaka iliyopita maji yalifika hadi kilima cha Hyrax, pale karibu na barabara kuu ya kuelekea Nairobi.)

HAKI YA MPANGAJI

Sasa tuseme ukweli. "Jamii" ni neno tamu, lakini jamii ina wenye sauti na wasio na sauti. Kaptembwo na Rhonda zimejaa wapangaji. Mkutano ukiitwa, huja wenye ploti, na wenye ploti wengi hawalali huko. Mwenye ploti anataka mtaro usiguse ukuta wake. Mpangaji anataka mtoto wake asilale kwenye maji. Wote wawili ni jamii, na matakwa yao hayafanani.

Ndiyo maana mfano wa Mukuru jijini Nairobi unafaa kutazamwa. Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Mtaa huo ulikuwa na zaidi ya familia 100,000. Muungano wa Wanavijiji na washirika wake hawakuita mkutano mmoja wa hadhara ambapo wenye koo kubwa wangetawala. Walianzia chini: familia kumi kumi zikichagua msemaji wao, wasemaji wakikutana katika vikundi vikubwa zaidi, hadi sehemu nzima ya mtaa ikawakilishwa, na mpangaji alihesabiwa sawa na mwenye nyumba. Vyuo vikuu na mashirika zaidi ya 40 yalikuwa upande wao yakishughulikia maji, barabara, afya, elimu, fedha na sheria. Kuanzia mwaka 2020 barabara za lami na mitaro zilianza kuonekana mle ndani.

Je, mafuriko ya 2024 yaliiruka Mukuru? La hasha. Mto Ngong ulifurika, na tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizokuwa karibu mno na kingo zake. Mpango mzuri wa mtaa hauwezi kuutawala mto unaoanza mbali nao. Hapo ndipo tunaporudi kwa wale wa juu.

NAIVASHA WALIVYOLIPANA

Ukiuliza ni nani aliyewahi kuwaunganisha watu wa juu na wa chini katika Bonde la Ufa, jibu liko Naivasha. Wakulima wadogo wa Wanjohi na Turasha, upande wa Nyandarua, hulima kwenye miteremko ambayo maji yake hushuka hadi Ziwa Naivasha. Udongo wao ukimomonyoka, huishia ziwani yanakovutwa maji ya mashamba ya maua. Kuanzia karibu mwaka 2010, kwa usaidizi wa mashirika ya WWF na CARE, watumiaji maji wa chini kupitia chama chao waliwapa wakulima wa juu vocha za kununulia mbegu na pembejeo. Wakulima nao walipanda nyasi kwenye kingo za matuta, wakapanda miti, wakaacha kulima hadi ukingoni mwa mto. Nyasi zile zikawa lishe ya ng'ombe wao. Hakuna aliyehubiriwa kuipenda mazingira; kila mmoja aliona faida mfukoni.

Vyama vya watumiaji maji vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, na huandaa mipango ya kutunza vyanzo vya mito yao. Mto Njoro unacho chama chake pia, na Chuo Kikuu cha Egerton kimeutafiti mto huo kwa miaka mingi. Basi kuna kitu gani cha kuzuia mkazi wa Milimani kuketi na mkazi wa Bondeni kwa namna hiyo? Mwenye ua mkubwa anaweza kukinga maji ya paa lake katika tangi. Anaweza kuacha sehemu ya ua iwe nyasi badala ya kabro, au kuchimba shimo la mawe la kunywesha ardhi. Hapa kuna tahadhari, maana Nakuru ina nyufa za chini kwa chini na barabara zake zimewahi kudidimia. Mashimo ya namna hiyo yachimbwe kwa ushauri wa fundi anayeijua ardhi ya hapa, mbali na misingi ya nyumba. Tangi halina hatari hiyo. Isitoshe, maji ya tangi utayashukuru Januari mifereji ikikauka.

Jambo gumu kupita yote ni la wale ambao ardhi yao haitarudi. Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha uliingiliwa na ziwa mwaka 2020, na mwaka 2025 ukaingiliwa tena, watu wakahamishwa kwa mashua. Kuwaambia wahame ni rahisi. Wapi, kwa fedha za nani, na watoto wataingia shule gani, hayo ndiyo ya kupangwa, na yapangwe nao kabla ya maji kurudi mara ya tatu. Kwa maoni yangu, mpango usiotaja shule na soko usiitwe mpango wa kuhamisha watu. Uitwe wa kuwatupa.

KALENDA YA MAJI NA KALENDA YA FEDHA

Kuna jambo dogo ambalo familia nyingi hazilijui, nalo lina uzito kuliko mikutano kumi. Masika yetu huanza Machi, yakapamba moto Aprili na Mei. Lakini makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na waraka unaoweka viwango vya matumizi hutangulia, kufikia Februari 28. Maana yake ni kwamba wakati wewe unateka maji sebuleni kwa karai, fedha za mwaka unaofuata zimekwisha kugawanywa. Kilio cha Mei kinafika mezani chakula kikiwa kimekwisha kupakuliwa.

Mlango ulio wazi zaidi ni mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambao kaunti inatakiwa kuufikisha bungeni kufikia Septemba 1. Kwa hiyo miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati jua limetoka na kila mtu amekwisha kusahau, ndiyo miezi ya kudai mtaro. Katiba ya 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zinakupa haki ya kushirikishwa. Aidha, tangu mwaka 2021 kuna mpango wa serikali na Benki ya Dunia unaopeleka fedha za tabianchi hadi mashinani kupitia kamati za kila wadi, zenye viti vya wanawake, vijana na walemavu. Nakuru ina wadi 55. Je, unamjua hata mjumbe mmoja wa kamati ya wadi yako?

Kabla ya kwenda huko, jiandaeni nyumbani. Chukueni rangi mchore ukutani mstari mahali maji yalipofika, na mwandike tarehe. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya kazi hiyo. Mpige picha mtaro ukiwa mkavu na ukiwa umejaa. Muwaulize wazee wa mtaa kuhusu El Nino ya 1997, na kama yupo aliyekuwapo, mvua za 1961. Majirani kumi waliokubaliana jambo moja kwa maandishi, likiwa na picha na tarehe, ni vigumu kuwapuuza kuliko mia wanaopiga kelele. Na katika hao kumi hakikisheni yumo mpangaji, na yumo anayekaa juu ya mlima.

Baada ya hapo mmoja wenu aende ofisi ya msimamizi wa wadi aombe kuuona mpango wa mwaka unaoandaliwa. Akifunguliwa kitabu, asihangaike na dibaji ya gavana. Afungue ukurasa wa wadi yenu, atafute kama mtaro wenu umetajwa kwa jina, na umetengewa shilingi ngapi.